Fizio ya choo baada ya opareshi ya kansa, hapa Malindi: nyota 4

Naona watu waulizana kuhusu hii huduma halafu hakuna anaejibu, manake kila mtu aona haya. Basi mi ntasema. Nyota 4, jina la mahali sitaji kwa sababu nina neno baya pia.

Kwa wasiojua, ukikatwa kansa ya mwisho wa utumbo, pale pahali panapohifadhi choo mpaka upate nafasi ya kwenda panakua pashaondolewa, sehemu inayoungwa hapo ni ndogo na haitanuki kama ile ya kwanza, na kama ulipigwa mionzi kabla ya opareshi ndio mambo huzidi. Siku nimetolewa mfuko wa tumboni, ule wa kupokea choo baada ya opareshi, nyumbani walipika pilau, kumbe shida ndio yaanza. Choo, navaa kanzu, choo tena, nawasha tuktuk, choo. Upepo hauna adabu, udhu haukai, Ijumaa nasali nyumbani. Daktari akasema itapungua na muda, na ni kweli kwa wengi hupungua mwaka wa kwanza hadi wa pili, lakini abiria wa kwenda Watamu hangoji mwaka.

Fizio mwenyewe, yaani mtaalamu wa mazoezi ya misuli, ni dada, na mi nilipomuona nikataka kugeukia mlangoni. Lakini yuwauliza mambo ya choo kama fundi anaekupima suruali, haoni ajabu, na kama wataka mkeo ama ndugu yako akae ndani hana neno. Alianza na maswali 5, yametungwa na madaktari wa Denmaki, yalitoka 2012: upepo wakuponyoka? choo chepesi je? waenda mara ngapi kwa siku? warudi tena ndani ya saa moja? wakimbia? Alama mwisho ni 42, kuanzia 30 ndio shida kubwa, na yangu ilikua imeshapita hapo. Walahi niliposikia kuna jina na kuna hesabu ya hii kitu nikapumua, nilidhani ni mimi tu.

Mazoezi yenyewe ni kubana misuli ya huku chini, kubana kwa muda halafu kuachia, na kubana haraka haraka. Yasikika rahisi lakini wengi hukaza makalio na tumbo, kwa hio ana mashine yenye kijiti chembamba, kwenye skrini waona mstari wapanda ukibana sawasawa. Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Kingine kilichonisaidia ni kufundishwa kungoja: haja ikikushika usikimbie, kaa, bana, pumua, ile hamu ikishuka ndio utembee taratibu. Pia kuna mpira mdogo wa kujazwa hewa ndani ili ujifunze kuhisi na kuhimili, si maumivu, ni aibu tu, na aibu huisha.

Kuna na kushtuliwa misuli kwa umeme kidogo, hio waongeza 1,000 juu ya 2,500 za kikao. Mi sikuona tofauti na kwa maoni yangu hio pesa bora uweke ya nauli. Kuna na kuosha utumbo kwa maji ya vuguvugu, hio wengine waisifu sana, ila lazima ufundishwe na daktari akubali kwanza, usijaribu kivyako kwa sababu utumbo waweza kutoboka.

Chakula aliniambia niandike, nione kipi chanikimbiza. Kwangu ilikua kahawa tungu na mbaazi, pilipili ndio usiseme. Isabgol, ule unga wa maganda ya mbegu, imenishikisha choo, wauza viungo wanayo, unywe na maji ya kutosha, na loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, natumia kwa kipimo cha daktari nikiwa na safari ya Mombasa.

Sasa neno baya. Mahali pa wagonjwa wa choo, choo ni kimoja, kimefungwa, ufunguo anao askari wa getini na askari mwenyewe ameenda kununua viazi karai! Halafu vitanda vimetengwa kwa pazia tu, ya jirani yako wayasikia yote na yeye yako.

Suala la udhu aliniambia niulize sheikh, nikajibiwa mwenye udhuru atawadhe wakati wa swala ukishaingia kisha asali. Jambo la kushukuru, narudi msikitini, nakaa karibu na mlango. Sijapona kabisa, bado kuna siku mbovu, ila natoa tuktuk asubuhi nzima.

Kama waona damu ama wapungua mwili, usiende kwa fizio, rudi kwa daktari aliekupasua. Malipo ni taslimu ama M-Pesa, na ukipiga simu uliza siku anayokuwepo yule dada, manake yule kijana mwengine ni wa migongo na magoti tu.