Andor: nilijua atakufa, na bado nikakesha

Huwa nazikwepa tamthilia zinazorudi nyuma kusimulia yaliyotokea kabla. Utamu wa kutazama ni kutojua, na hizi zinaanza wakati mwisho umeshauona. Obi-Wan Kenobi ya 2022, tamthilia ya Star Wars, ilinichosha kwa hilo hilo: Leia mdogo katekwa, muziki unanguruma, mimi nimetulia tuli, maana mtoto huyo nilishamwona mtu mzima katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya 1977. Wamfanye watakavyo, atatoka tu.

Andor, nayo ya Star Wars, sehemu zote 24, imenikalisha. Mhusika mkuu, Cassian Andor (Diego Luna), anafia sayari ya Scarif mwishoni mwa Rogue One, filamu ya 2016 inayosimulia yanayofuata, na Tony Gilroy, aliyeibuni tamthilia hii, hajisumbui kutudanganya. Swali la "atapona?" kaliacha, akaleta jingine: huyu mwizi asiyejali siasa ilikuwaje akakubali kuufia uasi dhidi ya Dola? Kisha akamzungushia watu ambao hatujui wataishia wapi: Luthen, bosi wa siri wa uasi asiyesita kutoa watu wake mhanga; Bix, mpenzi wa Cassian; Syril, afisa anayemwinda; na wafungwa wa gereza la Narkina 5. Wale wanatembea peku juu ya sakafu inayoweza kutiwa umeme wakati wowote, wanaunganisha vyuma wasivyojua ni vya nini. Mfungwa Kino Loy anawaongoza wenzake kutoroka mpaka ukingoni mwa maji, halafu anasema hajui kuogelea. Nilisimamisha hapo, nikaenda kuchemsha chai. Na usizime sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza kabla majina hayajaisha kupita. Ndipo utaona vile vyuma vilikokwenda.

Wamekuwa waangalifu hata kwa vifaa. Filamu za Star Wars za kuanzia 1999 zinasimulia miaka ya nyuma, lakini kila kitu kinang'aa kuliko kinachokuja baadaye. (Zilimfanya pia Anakin kuwa ndiye aliyemuunda roboti C-3PO, ikabidi ile ya 2005 imfute roboti huyo kumbukumbu. Kiraka juu ya kiraka.) Andor imebaki na vitufe na skrini nene za zamani zile zile za filamu ya 1977.

Lawama ninayo. Sehemu mbili za kwanza zinajikokota, nusura niache. Na msimu wa pili umebanwa: mpango wa mwanzo ulikuwa misimu mitano, sasa kila sehemu tatu zinabeba mwaka mzima. Watu wanapendana na kuvunjika moyo sisi hatupo, tunaletewa habari tu. Roboti K-2SO, aliyenivunja mbavu kwenye Rogue One, anachelewa mno kufika.

Naipa 9 kwa 10.

Usiku ule ule nilipoimaliza nikaiweka Rogue One. Mwanzoni kabisa Cassian anampiga risasi mtoa habari wake mwenyewe, kwa kuwa ana mkono mbovu na hawezi kupanda ukuta kukimbia. Mwaka 2016 nilimwona katili asiye na sababu. Safari hii nikamwona Luthen.