Kumbukumbu ya Gisozi, Kigali: tenga saa tatu, na ukiweza nenda peke yako

Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda ya mwaka 1994, kwenye kilima cha Gisozi jijini Kigali, kilifunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake ya pamoja wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kuingia ni bure; unachokodi ni kifaa cha kusikilizia maelezo, nami nashauri usikwepe gharama hiyo. Mara ya kwanza nilipelekwa na kampuni moja ya kutembeza wageni iliyotupa dakika 45 tu, kisha ikatukimbiza sokoni kununua vikapu, jambo linaloniudhi hadi leo. Mara ya pili nilipanda pikipiki peke yangu, nikakaa saa tatu.

Kilichonirudisha ni swali moja: mtu mwenye shamba lake la maharage, ambaye juzi alimwazima jirani jembe, anawezaje leo kumfuata na panga? Nilitarajia kuelezwa habari za chuki, na kweli zipo: vitambulisho vyenye kabila, vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na redio RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993. Lakini chuki peke yake isingewatoa watu majumbani kwa wingi ule. Waliitwa. Amri ilishuka kwa ngazi ile ile iliyozoea kuwaita kuchimba mitaro: kwa mkuu wa mkoa, kwa burugumesta (mkuu wa komuni, eneo lililo chini ya mkoa), kwa diwani, hadi kwa kiongozi wa chini kabisa ambaye Wanyarwanda walimwita nyumbakumi, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Kuua kukaitwa "kazi", na kulinda kizuizi barabarani kukawa zamu, ambayo aliyeikacha aliweza kutozwa faini, kupigwa au kuhesabiwa msaliti, na aliyeitimiza aliweza kurudi na ng'ombe au mabati ya marehemu.

Mimi nimelelewa na babu aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, Tanzania. Alikuwa na daftari lenye jalada la bluu, akiandika mgeni gani kalala kwa nani. Lilikuwa daftari la heri, la kujua nani anaumwa na nani kafiwa. Hata hivyo, pale Gisozi nililikumbuka kwa namna ambayo sikuipenda.

Anayedhani kwamba raia wangefanya vile vile bila kuamriwa aiangalie Butare. Huko mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikataa, na kwa karibu wiki mbili mauaji makubwa hayakuenea mkoani mwake. Akaondolewa, na baadaye akauawa. Tarehe 19 Aprili 1994 rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, alikwenda kuhutubia huko, akiwasuta waliojifanya kwamba jambo lile haliwahusu. Muda si muda mauaji yakapamba moto, wananchi wakiwa ni wale wale.

Chumba cha watoto kiache mwisho, wala usiingie na mtoto mdogo. Picha zao zina maelezo mafupi mno, kama vile chakula alichokipenda, na hayo ndiyo yaliyonishinda kusoma hadi mwisho.

Usipange kwenda asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani ni siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, na shughuli nyingi husimama hadi mchana. Utawakuta watu wa mtaa mzima barabarani wakifyeka majani na kuzibua mitaro, nyumba kwa nyumba, kama walivyoitwa.