Tulijiandikisha Chanjo Wenyewe: Uzoefu Wangu na Mzee Wangu

Juzi shoga yangu mmoja aliniuliza kama ni lazima amsubiri mjukuu wake afunge chuo ndipo ajaziwe fomu ya kwenye simu. Nikamwambia hapana, kaa nikusimulie yaliyotukuta sisi tulipojiandikisha chanjo ya UVIKO-19, yaani korona. Alipoondoka nikaona niyaandike kabisa, maana wenye swali kama lake ni wengi, na wengi wao wanaona haya kuuliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa akifanya kazi relini. Tunaishi wawili hapa Ngamiani, Tanga, watoto wametawanyika Dar na Arusha. Mwaka 2021 nilikuwa na miaka 63, yeye 70, na kisukari anacho miaka mingi. Katikati ya mwaka ule, wimbi la tatu la UVIKO-19 lilipopamba moto, tulizika watu tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi. Nilikuwa nikimsikia mzee wangu anakohoa usiku, nakaa kitandani kumsikiliza anavyopumua hadi kunakucha.

Tarehe 24 Julai ikaingia shehena ya kwanza ya chanjo ya Janssen, dozi 1,058,400, kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Tarehe 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu, tukamtazama kwenye televisheni. Walioanza kupewa kipaumbele ni wahudumu wa afya, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu kama kisukari na presha. Mzee wangu akasema, "Mama Watoto, sisi tumo mara mbili humo." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo zilikuwa zinazunguka sauti na video za kutisha, kila mtu na daktari wake. Tukapiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, tukauliza habari ya kisukari na chanjo. Binti aliyepokea alituamkia, akatusikiliza mpaka mwisho, akatujibu kwa Kiswahili cha kueleweka. Simu hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi nyumbani kwetu. Ilibaki kujiandikisha, na kujiandikisha kulikuwa kwa mtandao.

Kosa letu la kwanza tulilifanya kwa woga. Tulikwenda steshenari. Sitaitaja ni ipi, na kijana mwenyewe hakuwa na nia mbaya, alikuwa na foleni ya wanafunzi nyuma yetu. Alitutoza shilingi 2,000 kila mmoja, na wakati chanjo yenyewe ilikuwa bure na kujiandikisha kulikuwa bure. Akachukua vitambulisho vyetu, akabonyeza bonyeza, akasema tayari. Hatukuonyeshwa kioo. Hatukuulizwa namba ya simu.

Siku mbili zikapita bila ujumbe wowote. Tukaamua kwenda hivyo hivyo kituo cha afya. Nesi akatafuta majina yetu kwenye simu yake akayapata, lakini akaigeuza tuone. Jina la baba yake mzee wangu lilikuwa limeongezwa herufi ya "i" mwishoni, tofauti na kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa. Na mahali pa namba ya simu, kwangu na kwake, palikuwa na namba moja ambayo si yangu wala yake. Ilikuwa ya yule kijana. Ujumbe wetu wote ulikwenda kwake. Nesi akasema kwa upole, "Bibi, naweza kuwachanja leo, ila cheti kitatoka na jina hili. Afadhali mkajaze upya." Mzee wangu alinyamaza njia nzima. Mimi niliumia zaidi kwa kuwa nimefundisha watoto kuandika majina yao kwa miaka 34.

Usiku ule tukakaa mezani, taa ikiwaka, tukasema tutajaza wenyewe hata kama tutakesha.

Simu janja ni moja tu nyumbani, mtoto wetu wa mwisho alituletea alipopata kazi. Mzee wangu ana kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, na hakiachi. Hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa kila mzee alijue: simu ya kujazia fomu na simu ya kupokelea ujumbe si lazima ziwe moja. Ujumbe wa kawaida wa maneno unaingia kwenye kitochi sawasawa na unavyoingia kwenye simu janja. Kwa hiyo tulijazia yangu, lakini kwenye fomu yake tukaandika namba yake. Watu wengi huandika namba ya mjukuu kwa kudhani kitochi hakitapokea, halafu mjukuu yuko bwenini na simu imezimwa.

Laini ile ya mzee wangu ina historia. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ule ambao mwisho wake ulikuwa 20 Januari 2020, ulitutesa. Vidole vyake vimesuguliwa na vyuma vya reli, mashine ilikuwa haivisomi. Wakala alimpangusa kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akajaribu vidole vyote, kikakubali cha pete cha mkono wa kushoto. Watoto walikuwa wamesema, "Baba, tukusajilie kwa jina letu." Akakataa. Siku ile nilimwona mkaidi. Usiku wa fomu nikaona faida yake, maana jina, kitambulisho na namba ya simu vyote vilikuwa vyake mwenyewe. Kama huna hakika laini yako iko kwa jina la nani, piga *106# uangalie.

Tukaanza na namba ya NIDA. Ni tarakimu 20, na macho yangu ya karibu yameshachoka, nikivaa miwani naona kioo lakini kadi siioni vizuri. Yeye kadi anaisoma, ila vidole vyake kwenye kioo vinagusa herufi tatu kwa pamoja. Basi akasoma yeye, nikaandika mimi. Alisoma kama alivyokuwa akisoma namba za mabehewa kwa simu ya stesheni zamani, kwa mafungu, anangoja nirudie ndipo aendelee. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa hiyo hizo hazina haja ya kukariri. Halafu tano, halafu tano, halafu mbili. Nikamwambia, "Mbona ni kama tokeni ya LUKU?" Na kweli, tokeni ya LUKU nayo ni tarakimu 20, na yeye ndiye anayeiingiza kwenye mita kila mara umeme unapokata. Nilimwona anakaa vizuri kwenye kiti.

Kilichotuangusha mara mbili ni simu. Nikiwa namsikiliza akisoma, kioo kinazima chenyewe. Nikiwasha, nikiandika namba ya siri, nikirudi, fomu imefutika, tuanze upya. Mara ya pili nilitaka kulia. Nikampigia binti yetu Dar saa 4 usiku, akanielekeza bila kukasirika: ingia kwenye mipangilio, tafuta onyesho, humo utaona muda wa kioo kuzima. Ulikuwa sekunde 30. Nikauweka dakika 10. Hapo hapo akaniambia niongeze ukubwa wa herufi, na kwenye sehemu ya lugha nichague Kiswahili. Nilikuwa na simu ile miaka miwili sijui kama inajua Kiswahili! Anayekununulia mzazi wake simu, tafadhali amfanyie mambo haya matatu kabla hajamkabidhi: herufi kubwa, kioo kisichozima haraka, na lugha anayoisoma. Hayafikishi dakika tano. Sisi tuliishi bila hayo kwa sababu tulidhani simu zote ziko hivyo na ni sisi tulioshindwa.

Baada ya hapo fomu ilikwenda. Jina la kwanza, la kati, la ukoo, tukaandika kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kuchagua mkoa, halmashauri, kituo, tarehe. Nilipofika mwisho sikubonyeza kutuma. Nilimpa mzee wangu simu, akasoma yote kwa sauti tangu juu, nami nimeshika kadi kwa mbali. Kisha akatuma yeye mwenyewe kwa kidole chake. Haikupita dakika mbili kitochi kikalia mezani. Akakichukua, akasogea kwenye taa, akasoma ujumbe ule mara tatu.

Ningeomba jambo moja kwa wanaotengeneza huduma za namna hii, zote, za afya na za malipo: kuwe na nafasi ya watu wawili wa nyumba moja kujaza pamoja, wapangiwe siku moja na kituo kimoja. Mimi nilimaliza ya kwake nikaanza yangu, nikiwa na wasiwasi nisije nikachagua tarehe nyingine. Wazee wengi wanakwenda hospitali wakishikana mkono. Ukiwapangia siku mbili tofauti, umewalipisha nauli mara mbili na mmoja atabaki nyumbani bila wa kumtazama.

Siku yenyewe tulifika saa 2 asubuhi. Walitupima presha, tukapewa fomu ya ridhaa tuisome na kutia sahihi. Mzee wangu alisoma kila mstari na nesi hakumharakisha. Halafu tukaambiwa tusubiri kidogo, na sababu yake tulielezwa: kichupa kimoja cha Janssen kina dozi 5, kikishafunguliwa hakikai sana, kwa hiyo hawakifungui mpaka watimie watu watano. Tulikuwa wanne. Tukakaa kwenye benchi tunaangalia getini. Baada ya kama dakika 40 akaingia mama mmoja muuza samaki, ametoka kuuza, ndoo mkononi, akauliza kama amechelewa. Sote wanne tukamwambia kwa pamoja karibu sana. Hakuwa amejiandikisha mtandaoni, nesi alimjazia pale pale, na hilo nalisema ili asiye na simu asijione amefungiwa mlango.

Sindano yenyewe haikuwa kitu. Tulikaa dakika 15 za kuangaliwa, tukapewa kadi zetu, majina yameandikwa sawa. Janssen wakati ule ilikuwa sindano moja tu, na kwa wazee wenye safari za bajaji hilo lilikuwa nafuu kubwa. Usiku mzee wangu alipata homa, mkono wangu ukauma siku mbili. Nikampa panadol, nikapima sukari yake asubuhi, ilikuwa pale pale. Kadi nimezitia kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi za kliniki ya watoto wetu, bado ninazo.

Mambo mawili zaidi. La kwanza ni daftari. Tuna daftari la kurasa 80, kila huduma ina ukurasa wake: namba za NIDA, tarehe za kliniki, hatua za kufuata moja moja kama tulivyozifanya. Namba za siri hatuandiki humo. Binti yetu alipotuona nalo alidhani ni mambo ya kizamani, sasa ndilo analouliza akitaka kujua baba yake ana miadi lini.

La pili ni matapeli. Ukishazoea kungoja ujumbe, unakuwa mwepesi wa kuamini kila ujumbe. Wiki ile ile ya chanjo uliingia mmoja kwenye kitochi: "ile hela tuma kwenye namba hii". Mzee wangu alitaka kupiga kuuliza ni hela ipi. Nilimwomba asipige. Ujumbe wa namna hiyo unautuma 15040, kisha unaufuta. Na hakuna chanjo wala miadi inayohitaji namba ya siri ya pesa zako. Akikuuliza mtu, hata akijiita daktari, kata simu.

Septemba mwaka ule ule ulipoanza mpango shirikishi na harakishi wa chanjo, wahudumu wakawa wanawafuata watu mitaani na vijijini, na wengi walichanjwa bila kujaza fomu yoyote kabla. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini sijutii ule usiku wa mezani. Tangu hapo tumelipa maji kwa namba ya malipo wenyewe, na mzee wangu amejifunza kupiga simu ya video kwa wajukuu, anaishika simu kwa mikono miwili na uso wake wote unaingia kwenye kioo.

Shoga yangu niliyemtaja mwanzo alirudi jana jioni na kitambulisho chake kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa jikoni naepua sufuria. Nikamsikia mzee wangu barazani anamwambia, "Kaa hapa kwenye mwanga. Nisomee nane za kwanza. Na namba ya simu nipe yako wewe, hiyo ya mjukuu iache."