Blanketi la viraka vya sufu: ununue bitana gani, ujazo gani na uzi gani

Kuanzia mwezi wa sita hapa Newala kunakucha na ukungu, na baridi ya huku juu kwenye uwanda wa Makonde inapenya hata ukijifunika shuka mbili. Ndipo wateja wanapoanza kuja na mifuko ya makoti na suti za mitumba. "Fundi, nishonee blanketi la viraka." Makoti wameshayapata mnadani, tena kwa bei nzuri. Kinachowasumbua ni vitu vitatu vya kununua baada ya hapo: bitana ya chini, ujazo wa katikati na uzi. Karibu wote huanza na ujazo, na hutafuta ule mnene kuliko yote.

Mimi nakushauri uanze na bitana. Joto la blanketi hili liko kwenye sufu yenyewe. Ukishakuwa na uso wa sufu, ujazo ndio kitu cha mwisho kutolea hela, na mara nyingine hauhitajiki kabisa. Bitana ndiyo itakayokugusa mwili kila usiku, na uzi ndio utakaoamua kama blanketi litamaliza miaka kumi au msimu mmoja.

Ila kwanza hakikisha ulichonacho ni sufu kweli. Chomoa nyuzi chache kutoka ndani ya mshono wa koti, zisokote, zishike kwa koleo na uziwashe juu ya sahani ya bati. Sufu huungua kwa kusitasita, hunuka kama nywele zilizoungua, na ukiitoa motoni huzima yenyewe. Kinachobaki ni jivu jeusi unaloweza kuliponda kwa vidole. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kama shanga. Pamba huwaka haraka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Ukisikia harufu ya nywele na bado ukakuta vidonge, hicho ni kitambaa cha mchanganyiko. Usikitupe, kishone tu na wenzake wa aina hiyo, maana hakitaitikia maji na pasi kama sufu tupu.

Kuna jambo la lugha pia, nalo limenigharimu. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi, au usufi, ni ile pamba laini inayotoka kwenye mti wa msufi. Niliwahi kumwagiza mchuuzi mmoja sufu ya kujazia, akaniletea kiroba cha sufi, na kila mmoja wetu aliamini yuko sahihi. Ukiagiza kwa simu, sema "manyoya ya kondoo" ili msikosane.

Bitana

Vipimo kwanza. Kwa kitanda cha futi tano kwa sita, blanketi la sentimita 200 kwa 220 linatosha na kuning'inia kidogo pembeni. Kwa futi nne kwa sita, 150 kwa 215 linatosha.

Nafasi ya kwanza naipa shuka la pamba la mitumba. Limeshafuliwa mara nyingi, limemaliza kunywea, limemaliza kuchuja rangi, na ukipata kubwa huna haja ya kuunga katikati. Liinue juani uone kama kuna sehemu zilizokonda, hasa katikati alipokuwa analala mtu. Kukiwa na kukonda, liache. Mara nyingi bei yake ni chini ya kitenge kipya, na sijaona bitana inayokaa vizuri chini ya sufu kuliko hiyo.

Ya pili ni kitenge cha pamba. Pisi ya yadi sita ni kama mita tano na nusu, upana wake karibu sentimita 115. Kata vipande viwili vya mita 2.2, viunge ubavu kwa ubavu, umepata bitana ya kitanda cha tano kwa sita, na mita moja inayobaki inatosha kukata vipande vya kuzungushia ukingo. Tatizo la kitenge ni kwamba vingi siku hizi ni poliesta iliyochapwa ua zuri. Lowesha kidole na ukibonyeze kwenye kona: pamba hunywa maji upesi, poliesta huyaacha yakikaa juu. Usidanganyike na ugumu wa dukani, huo ni wanga, utaondoka na maji ya kwanza.

Ya tatu ni kanga, na hapa naomba nikae kidogo. Kwa uimara tupu kanga iko chini ya kitenge kwa sababu ni nyepesi. Lakini kwa blanketi jembamba la mtoto au la mtu wa pwani, wepesi huo ndio unaotakiwa. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo doti moja ukiiunga kwa upande mrefu unapata bitana kamili ya kitanda cha nne kwa sita bila kupoteza hata kipande. Mteja wangu mmoja alileta doti aliyofungiwa siku ya harusi yake, rangi imefifia, pindo zimeanza kutoboka. Tulikata pindo zilizochoka, tukaacha mji na jina, na jina la kanga ya juu nikaliweka upande wa kichwani ili akikunja blanketi asubuhi liwe la kwanza kuonekana. Kama una doti ya namna hiyo kabatini, usinunue bitana nyingine. Ishonee mishono ya karibu karibu, itadumu.

Marekani, ile pamba isiyopaushwa, naiweka ya nne. Ni imara na bei yake ni ya haki, lakini ikiwa mpya ni ngumu na hunywea sana. Kaniki nayo ni pamba nzuri, ila inachuja, na juu ya sufu ya rangi nyepesi itakuharibia kazi.

Tetroni na satini naziweka mwisho. Tetroni haivuti jasho vizuri. Satini inateleza juu ya cherehani, kisha inateleza kitandani, na saa tisa za usiku blanketi liko sakafuni.

Chochote utakachonunua, kifue kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kushona, hata kama muuzaji anaapa hakinywei. Sufu ukiifua kwa maji baridi bila kuisugua haibadiliki. Bitana ikinywea peke yake baada ya kushonwa, itaivuta sufu na uso wote utajaa makunyanzi. Kisha chukua kitambaa cheupe kibichi, sugua kona ya bitana. Kikitoka na rangi, rudia kufua.

Ujazo

Mwaka nilioanza kushona mablanketi haya, nilimtilia mteja fiba ya kujazia mito, kilo mbili nzima, kwa sababu aliitaka nene. Blanketi likasimama. Ukikunja kona, inajifungua yenyewe. Alipolifua mara ya kwanza, fiba ilikimbilia pembeni na kukaa mabonge mabonge, kama mihogo ndani ya gunia. Nilikaa jioni mbili nikifumua mishono kwa wembe, na fedha yake nikamrudishia.

Tangu hapo napima uzito kabla ya kumwambia mtu anunue nini. Kitambaa cha suti ya sufu huwa kama gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na cha koti zito la baridi hufikia gramu 500 na zaidi. Blanketi la 200 kwa 220 lina mita za mraba 4.4. Kwa hiyo uso wa makoti peke yake ni zaidi ya kilo mbili kabla hujaongeza chochote.

Ndiyo maana kwa uso wa makoti chaguo langu la kwanza ni kutoweka ujazo kabisa: sufu juu, bitana chini, basi. Kwa wanaoishi Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, ambako joto la pwani halihitaji kuelezwa, hata uso wa suti nyepesi usiuongezee kitu.

Kwa uso wa suti huku juu Newala, au kwa mzee ambaye baridi inamtafuta mifupani, nunua blanketi kuukuu jembamba la pamba au shuka la flaneli la mitumba. Hiki ndicho chaguo la pili, na kwa kweli ndicho ninachokishona mara nyingi kuliko vyote. Kimeshanywea, hakihami, sindano inakipita bila shida, na madoa yake hayana tatizo kwa kuwa hayataonekana. Tabaka moja tu.

Fiba ya poliesta iliyo katika shiti, si ile ya mafungu ya mito, ni ya tatu. Ni nyepesi na inakauka haraka. Lakini sufu ina sifa moja ya ajabu: inaweza kunywa unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake na usiisikie kuwa mbichi. Ukiweka fiba kati yako na sufu, hiyo faida ya kuvuta jasho umeipunguza mwenyewe. Ukiamua kuitumia, chagua jembamba, isizidi unene wa kidole cha mwisho.

Pamba ya kuchambua inahitaji kushikwa na mishono kila baada ya vidole vitatu au vinne, la sivyo inakusanyika. Ikilowa inakuwa nzito na inachukua siku nzima na zaidi kukauka. Na sisi huku juu tunajua maji yanavyopatikana kwa shida: blanketi la kufuliwa mara kwa mara ni mzigo. La sufu unalianika kivulini penye upepo nusu siku, unalikung'uta, harufu inaondoka.

Sufi usiiweke. Ni nzuri kwenye mto wenye foronya nzito, lakini nyuzi zake ni fupi na zinateleza. Zinatoka kwenye kila tundu la sindano, na baada ya muda hupondeka na kuwa vumbi. Kwa mtoto mwenye pumu hilo si jambo dogo. Tena hushika moto upesi, na nyumba zenye vibatari bado zipo.

Uzi

Wa kuunga viraka, nunua koni ya poliesta namba 40/2, ule wa kawaida wa mafundi. Sufu inavutika, na poliesta inavutika nayo kidogo bila kukatika. Usichukue koni iliyokaa mbele ya duka ikipigwa na jua. Vuta urefu wa mkono na uukate ghafla: uzi mzima unakuumiza kidole, uliochoka unakatika kama utando. Uzi wa pamba ni wa pili, unafaa kwa kushona kwa mkono. Nailoni ile inayong'aa usiiguse, inakata kitambaa na inayeyuka chini ya pasi. Nunua na sindano mpya za cherehani namba 16, na ulegeze mshono uwe na hatua ndefu kidogo, milimita tatu hivi.

Wa kushikanisha matabaka ni habari nyingine. Sufu nene haipendi kupitishwa kwenye cherehani ikiwa na matabaka matatu, hivyo mimi hupiga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, kisha nafunga mafundo kwa mkono, moja kila baada ya upana wa kiganja. Uzi bora hapa ni ule wa pamba wa kufumia vitambaa vya meza. Unaoukaribia ni uzi wa sufu uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu la mitumba. Huo haukugharimu karibu kitu, na kadiri unavyotumika nyuzi zake zinashikana zenyewe na fundo halifunguki. Ule wa madukani wa kufumia masweta, mwingi wake ni akrilika. Unateleza, na baada ya mwezi utakuta mafundo matano yamefunguka.

Pitisha sindano kutoka juu hadi chini na kuirudisha juu, nusu sentimita kando yake. Funga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, ukaze mpaka sufu ibonyee kidogo. Acha mikia ya sentimita mbili. Ukiikata mifupi zaidi, fundo litajifungua siku ya kwanza watoto watakapolivuta.