Seti ya kugeuza magurudumu kuwa tyubulesi: utepe mzuri, dawa ya kuangaliwa

Seti hizi za kuagizwa mtandaoni hugeuza magurudumu ya baiskeli yatumie tairi bila tyubu ndani (tyubulesi), na huja na utepe wa mita 10 wa kuziba rimu, valvu mbili na chupa ya dawa ya utomvu wa mpira ya kuziba matundu. Kwa anayepita mawe ya Kizimkazi na Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu ikachanika mara mbili kwa mpigo, zinafaa. Tatizo ni kwamba baiskeli zetu nyingi ni za mtumba, na rimu zake hazikukusudiwa kazi hii.

Kabla ya kulipa, tazama tundu la valvu. Likiwa la milimita 8.5, la valvu nene kama ya gari, valvu nyembamba za seti (za tundu la 6.5) zitachezacheza na upepo utavuja hapo hapo. Agiza valvu za tyubulesi zenye shina nene, zipo. Pima pia upana wa ndani wa rimu: utepe uuzidi kwa milimita 3 hadi 5. Wa 25 unaikaa vyema rimu ya 21, lakini kwenye rimu ya 30 utaacha pembeni wazi na dawa yote iishie kwenye matundu ya spoku.

Utepe wenyewe ni mzuri, mwembamba na mgumu kuchanika. Safisha rimu kwa spiriti. Petroli huacha mafuta na gundi haishiki. Anzia sentimita 10 kabla ya tundu la valvu, uvute kwelikweli, zungusha mara mbili, malizia sentimita 10 baada ya tundu. Rimu ya inchi 29 hula karibu mita 2 kwa mzunguko, kwa hiyo magurudumu mawili yanatosheka. Toboa utepe penye tundu la valvu kwa msumari wa moto, maana kisu huacha mchano unaotambaa. Nati ya valvu ikazwe kwa vidole tu.

Pampu ya mkono mara nyingi haipandishi tairi likakaa kwenye kingo za rimu. Nenda kwa fundi wa pancha mwenye kompresa, na kama valvu ni nyembamba uchukue adapta. Toa kiini cha valvu (kile cha ndani kinachozuia upepo), paka kingo za tairi maji ya sabuni, jaza mpaka lilie "paa" pande zote mbili. Usivuke psi 40! Likigoma, toa upepo upake sabuni tena. Tairi la kawaida kwenye rimu isiyo na mfereji wa kulishika linaweza kuruka usoni mwa mtu.

Likishakaa, toa upepo, mimina dawa mililita 100 kupitia valvu (80 kwa inchi 26), rudisha kiini, jaza, kisha tikisa na ulilaze gurudumu kila upande. Tairi kuukuu litatoa mapovu ubavuni kwa muda. Si kitu.

Dawa ndiyo inayoniudhi. Kwa joto letu hukauka upesi: kagua kila baada ya miezi miwili na uongeze mililita 60 hivi, na chupa ya seti itakuwa imeshakwisha. Mwiba inauziba bila wewe kujua, lakini jiwe la matumbawe likipasua ubavu wa tairi haifui dafu, kwa hiyo tyubu ya akiba usiiache nyumbani. Psi 25 mbele na 28 nyuma zinatosha kwa mtu wa kilo 70. Ukishuka mchangani Paje maji yakitoka, punguza kidogo tu, maana ukikata kona kwa nguvu rimu ya kawaida hutema upepo.

Rimu ya ukuta mmoja, ile ambayo vichwa vya spoku vimetokeza ndani? Usinunue seti hii. Nunua tyubu nene.