Kempe Gowda (2011): steringi ni Sudeep, lakini adui ndiye aliyeibeba

Kama umeshaiona Singam ya Kitamil ya mwaka 2010, ile ya Suriya iliyoongozwa na Hari, basi hadithi ya Kempe Gowda, filamu ya Kikannada (lugha ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India) iliyoirudia ile, unaijua tayari. Polisi wa kituo kidogo kijijini, mwadilifu, anapendwa na wanakijiji kwa sababu ugomvi mwingi anaumaliza kwa maneno kabla haujafika mahakamani. Jambazi mkubwa wa mjini, anayeishi kwa utekaji na kutoza watu pesa kwa vitisho, anapewa dhamana kwa sharti la kwenda kuripoti na kusaini kwenye kituo hicho hicho. Wanagongana. Jambazi anatumia vigogo alio nao mfukoni kumhamishia polisi yule mjini, kwenye himaya yake, ili akamnyooshe huko. Kwa Kitamil mji huo ni Chennai. Kwa Kikannada ni Bangalore.

Kwa hiyo cha kupima hapa si hadithi, ni namna ilivyohamishwa. Na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Tangu miaka ya 1960 tasnia ya filamu ya Karnataka ilikataa filamu za lugha nyingine kuingizwa sauti za Kikannada, na zuio hilo lisilo la kisheria lilikuja kupigwa nyundo na Tume ya Ushindani ya India mwaka 2015. Filamu ya Kitamil ikivuma, njia ya kuileta kwa Kikannada ilikuwa moja tu: kuipiga upya kuanzia mwanzo na waigizaji wengine. Tatizo ni kwamba kumbi za Bangalore zinaonyesha filamu za Kitamil na Kitelugu katika lugha zake zenyewe. Mtu aliyekata tiketi ya Kempe Gowda Machi 2011 huenda alishaiona Singam mwaka mmoja nyuma katika mtaa huo huo. Humdanganyi kwa kurudia tu.

Sudeep, aliyeongoza na pia kuigiza kama steringi, si mgeni wa kazi hii; filamu yake ya kwanza kuongoza, My Autograph ya 2006, nayo ilitokana na ya Kitamil. Hapa alianza na majina. Steringi kapewa jina la Kempe Gowda, mtawala wa karne ya 16 anayehesabiwa kuwa mwasisi wa Bangalore. Adui kaitwa Armugam, jina lenye harufu ya Kitamil kabisa. Ukijua jinsi Karnataka na Tamil Nadu, jimbo jirani la Watamil, wanavyovutana kwa miaka mingi juu ya maji ya mto Kaveri, utaelewa kwa nini ukumbi unapiga mbinja kabla hata ngumi haijarushwa. Ni ujanja wa kuchochea, sawa, lakini umefanya kazi.

Sasa huyo Armugam. Anaigizwa na P. Ravi Shankar, mdogo wake Sai Kumar, mwigizaji wa filamu ya Kikannada Police Story. Kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa koo kuliko kwa sura: yeye ndiye aliyetia sauti ya Kitelugu ya Sonu Sood katika Arundhati ya 2009. Kwenye Singam nafasi hiyo ilishikwa na Prakash Raj, ambaye ujambazi wake unatisha kwa dharau: anatabasamu, anasema taratibu, halafu anageuka. Ravi Shankar hakumuiga. Anaanzia juu, anaburuta neno la mwisho, anajitaja jina mwenyewe kama anayetangaza bei sokoni. Maneno yake yalienea Karnataka nzima, na baada ya filamu hii kazi za uadui zikawa zinamfuata yeye. Wenye filamu wengi wakirudia muvi ya watu hutafuta adui anayefanana na wa kwanza. Hapo ndipo huharibu, maana mtazamaji anakaa akilinganisha nakala na asili.

Tazama sehemu ya kusaini dhamana. Ndiyo moyo wa hadithi, na haina haja ya gari kulipuka. Jambazi anatuma mtu akasaini kwa niaba yake, polisi anakataa: aje mwenyewe. Kinachopiganiwa ni saini tu, lakini mbele ya watu saini hiyo ni kupiga magoti. Sudeep ni mrefu na sauti yake ni nzito, kwa hiyo hahitaji ile mitetemo na kurukaruka kwa Suriya. Akisimama tu mlangoni ametosha. Pale anapojaribu kunguruma kama Suriya ndipo anapopungua.

Upungufu upo. Mapenzi ya Kempe Gowda na Kavya (Ragini Dwivedi) yamebebwa mazima kutoka kwa Kitamil, lakini kule Anushka Shetty, mpenzi wa steringi kwenye Singam, alikuwa na utani wa kumjibu. Ragini amepewa zaidi kazi ya kuangalia. Vichekesho vya katikati vinakata mwendo pale hasira inapoanza kupanda. Nyimbo za Arjun Janya ni nzuri, tena nzuri sana, ila ndani ya filamu zinaingia vibaya; zisikilize pembeni.

Waliozoea Singham ya Kihindi ya Ajay Devgn watashangaa kidogo: hiyo ilitoka Julai 2011, miezi minne baada ya hii, na ikapeleka mambo Goa huku ikimrudisha Prakash Raj yule yule kwenye uadui. Ukitaka kulinganisha, anza na ya Kikannada, kisha Singam, ya Kihindi iwe ya mwisho. Na itazame kwa sauti ya Kikannada yenye maandishi chini. Toleo lolote lililowekewa sauti ya lugha nyingine limekuondolea koo la Ravi Shankar, na bila hilo unabaki na Singam ya pili tu.

Kuna pia Kempegowda 2 ya mwaka 2019. Usiichukue ukidhani ni mwendelezo wa Sudeep. Steringi humo ni Komal, mchekeshaji aliyegeuzwa polisi.