Miaka mitatu ya kubadilishana vitabu kando ya barabara jijini Nairobi: uzoefu wangu

Kwa zaidi ya miaka mitatu nimekuwa mteja wa mzee mmoja anayeuza vitabu vya mtumba katikati ya jiji la Nairobi, si mbali na Barabara ya Tom Mboya, katika msururu wa wauzaji ambao wakazi wa jiji huwaita wa "inama", kwa sababu vitabu hutandazwa chini juu ya turubai na mteja hana budi kuinama ili asome majina yaliyo kwenye migongo yake. Jina la mzee huyu silitaji, kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Ninachotaka kueleza ni huduma yenyewe, ambayo imenifikisha kwenye vitabu ambavyo nisingevigusa kamwe, pamoja na mahali inapopungua, ili anayekusudia kuijaribu kwa muuzaji mwingine wa aina hii ajue mapema atakachokutana nacho.

Utaratibu ni huu. Unanunua kitabu, tuseme kwa shilingi 300. Ukikimaliza, au ukikichoka, unakirudisha kikiwa safi, unaongeza shilingi 100 na kuchukua kingine cha bei ileile. Hakuna kadi, hakuna ada ya uanachama na hakuna tarehe ya mwisho. Bei huandikwa kwa penseli kwenye kona ya juu ya ukurasa wa kwanza, na kila kitabu kinaporudi mzee huongeza kijistari kimoja chini ya bei hiyo, kwa hiyo ukifungua jalada unaweza kuhesabu ni watu wangapi wamekwisha kukisoma kabla yako. Mwanzoni nilidhani vijistari vingi ni ushahidi wa ubora, nikawa navitafuta. Siku moja nilimwonyesha kitabu chenye vijistari tisa na kumwambia kwamba hiki bila shaka kinapendwa sana. Akatikisa kichwa. "Dada, hicho kinasomwa," aliniambia, "lakini kinachopendwa hakirudi." Tangu siku hiyo nimekuwa nikimuuliza swali tofauti, yaani ni vitabu gani amewahi kuviuza ambavyo wateja walikataa kuvirudisha, na majibu yake yamenifaa kuliko orodha yoyote ya vitabu bora niliyowahi kuisoma.

Mimi ni mhasibu, na kabla ya kumfahamu mzee huyu nilikuwa nikisoma aina mbili tu za vitabu: riwaya za upelelezi na vitabu vya kuelekeza matumizi ya fedha. Sikuwa nimechagua iwe hivyo. Riwaya mpya iliyoletwa kutoka nje ilikuwa ikinigharimu kati ya shilingi 1,200 na 1,800, na Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, iliyoviweka vitabu katika kiwango cha asilimia 16, haikumsaidia msomaji wa kipato cha kawaida. Mtu anapolipa kiasi hicho, hununua kile anachojua tayari kwamba atakipenda, na kwa muda mrefu hofu ya kupoteza fedha ndiyo iliyokuwa ikinichagulia vitabu. Kosa linapogharimu shilingi 100, hofu hiyo inaondoka, na mtu anathubutu kuchukua kitabu cha historia ya chumvi au cha kumbukumbu za mfungwa kwa sababu tu sentensi ya kwanza imemvutia. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika huduma hii.

La pili ni swali ambalo mzee huuliza unaporudisha kitabu. Programu za simu ambazo nimewahi kuzitumia hunipendekezea vitabu vinavyofanana na nilivyokwisha kusoma, riwaya ya upelelezi ikizaa riwaya nyingine ya upelelezi. Mzee haulizi unapenda aina gani. Anauliza, "Kilikushika wapi?" na anangoja jibu. Mara ya kwanza nilipoulizwa hivyo nilikuwa nikirudisha riwaya ya mauaji ambayo njama yake nilikuwa nimeanza kuisahau, lakini nilikumbuka vizuri sura moja ambamo daktari alichunguza maiti na kueleza, kidogo kidogo, jinsi alivyotambua saa ya kifo. Nilipomwambia hivyo, hakunipa riwaya. Alisogeza marundo mawili, akatoa kumbukumbu za daktari mstaafu wa uchunguzi wa maiti, kitabu chenye jalada la kijivu lisilovutia hata kidogo, akasema, "Basi msome daktari mwenyewe, acha anayemsimulia."

Kitabu hicho ndicho kilichonivusha kutoka hadithi za kubuni hadi vitabu vya maarifa. Kutoka hapo nilipewa historia ya sumu na wanakemia waliojifunza kuzigundua, kisha kitabu kuhusu mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854 katika mtaa wa Soho, London, ambapo Dakta John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaviweka kwenye ramani na kuona kwamba vimeizunguka pampu moja ya maji iliyokuwa Broad Street, mpaka mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Nilikisoma ndani ya matatu, katika foleni ya jioni ya Barabara ya Thika, na mara mbili nilipitishwa kituo changu bila kujua. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusimulia takwimu za vifo kwa mvuto kama wa mpelelezi anayemfuata mshukiwa, na mimi ambaye kazi yangu ni tarakimu nilihisi kwamba kitabu hicho kinazungumza nami moja kwa moja.

Njia huenda pia upande wa pili, kutoka maarifa hadi hadithi. Nilikuwa nimesoma historia ya Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na nikamweleza mzee kwamba kilichonishika ni vibarua walioletwa kutoka India, ambao kitabu kiliwahesabu lakini hakikuwasikiliza. Alinipa kwanza tawasifu ya mtu aliyezaliwa katika ukoo wa vibarua hao, kisha riwaya iliyojaribu kuingia katika nyumba zao, jikoni na madukani mwao. Riwaya hiyo sikuirudisha. Ipo nyumbani, na bei yake ya penseli haina kijistari hata kimoja.

Si kila jaribio lilifaulu. Hadithi za kisayansi za sayari za mbali nimezirudisha mara tatu kabla ya ukurasa wa 50, na vitabu vya kujiendeleza nimeacha kuvichukua kabisa, kwa kuwa naona vinarudia wazo moja katika sura kumi na mbili. Ushairi ninausoma polepole na bado sina la kusema juu yake.

Sasa nieleze kasoro. Iliyonikera zaidi ilinipata mwaka wa kwanza, kwa muuzaji mwingine wa msururu huohuo ambaye kwake nilinunua kitabu mara moja tu. Nilikuwa nimefika penye kilele cha riwaya ya upelelezi, mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, ukurasa wa 144 ukaishia katikati ya sentensi na uliofuata ukawa wa 161, ambapo mtu fulani alikuwa amekwisha kutiwa pingu na wengine wanatafuta makoti yao. Nilirudi kesho yake nikaambiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Baadaye mzee wangu alinieleza sababu ya pengo la namna hiyo: vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kisha mafungu hayo hushonwa au kugundishwa pamoja, kwa hiyo gundi ikichoka au fungu likisahauliwa kiwandani, hupotea kurasa 16 kwa mkupuo. Alinionyesha namna ya kukishika kitabu kikiwa kimefungwa na kukitazama upande wa juu wa mgongo, ambako mafungu huonekana kama vilima vidogo vilivyopangana, na kilima kilichokosekana huacha ufa. Siku hizi hilo ndilo jambo la kwanza ninalolifanya, kabla hata ya kusoma jina la mwandishi.

Kasoro nyingine ni nakala za wizi, ambazo zimejaa jijini. Huzitambui kwa bei, kwa sababu wengine huziuza ghali. Picha ya jalada huwa imefifia kama iliyopigwa kutoka kwenye jalada jingine, maandishi ya ndani huelemea upande mmoja, pambizo la katikati huwa jembamba kiasi kwamba unalazimika kukivunja kitabu mgongo ili usome, na ukurasa wa hakimiliki huwa haupo au hausomeki. Mimi sizichukui, na nilimwambia mzee hivyo mapema. Ninajua kwamba hata kitabu cha mtumba hakimpi mwandishi chochote kinapouzwa mara ya pili, lakini angalau mara ya kwanza alilipwa, ilhali nakala ya wizi haikumpa hata senti tangu mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo nimejiwekea desturi kwamba nikimpenda mwandishi aliye hai, kitabu chake kinachofuata ninakinunua kipya dukani, hata kama itabidi ningoje miezi miwili.

Kasoro ya tatu si kosa la mtu mmoja, nayo ndiyo inayonihuzunisha. Vitabu hivi huja katika marobota kutoka Uingereza na Marekani, vikiwa vimeondolewa katika maktaba za huko au vimetolewa na watu waliohama nyumba, na kwa hiyo mtu anayesoma kutoka kwenye turubai pekee anasoma kile ambacho wasomaji wa nchi nyingine wamekwisha kukitupa. Riwaya za majira ya baridi zipo kwa mamia. Vitabu vya Kiswahili, ukiacha vile vya fasihi vilivyoteuliwa kwa ajili ya mitihani ya shule, ni vya kubahatisha. Nililalamika juu ya hili kwa muda mrefu, na mzee akanyamaza kwa muda mrefu vilevile, hadi asubuhi moja aliponipa kitabu chembamba kilichofungwa kwa gazeti: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960. Mimi niliyekuwa nimesoma wapelelezi wa London na New York kwa miaka kumi na tano sikuwa nimewahi kukutana na Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake. Nilikisoma usiku mmoja, na nilipomaliza nilikuwa na furaha na hasira pamoja, hasira ya kwamba hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mlango huu upo katika lugha yangu mwenyewe.

Ndiyo sababu namshauri yeyote atakayetumia huduma ya turubai aiunganishe na maktaba. Kwa upande wangu nimejizoesha kupita Jumamosi katika Maktaba ya McMillan iliyopo Mtaa wa Banda, jengo lenye nguzo za mawe na sanamu za simba mlangoni, lililofunguliwa mwaka 1931 na ambalo katika miaka yake mingi ya mwanzo lilitengewa Wazungu pekee. Wakazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, wana matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambayo yamekarabatiwa. Mzee hunionyesha nisichokijua, na ninachokitafuta kwa jina ninakitafuta maktabani.

Kuhusu mambo madogo: mzee hutuma picha za marundo mapya kwenye WhatsApp kila Jumapili jioni, unalipa kwa M-Pesa, naye anakuwekea kitabu chako kwa siku tatu. Picha hizo hazitoshi kukagua hali ya kitabu, kwa hiyo mimi hutumia njia hiyo kukitenga tu, kisha ninakwenda kukishika mwenyewe. Wakati wa mvua za masika huwa hatandazi kabisa, na vitabu vya chini ya rundo hunuka ukungu hadi mwezi wa sita. Kitabu chenye harufu hiyo ninakiacha wazi kivulini siku mbili kabla ya kukiweka karibu na vingine.

Kama ni kutoa nyota, ninampa mzee nne kati ya tano, na ile moja ninaizuia kwa ajili ya rafu ya Kiswahili ambayo bado haijafika. Nimemwahidi kwamba nikisafiri kwenda Mombasa mwezi ujao nitapita kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu wa huko na kumletea nitakavyovipata, naye ameahidi kutoniongezea shilingi 100 kwa kila nitakachokileta. Anayetaka kumpata mapema aende Jumanne kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu marobota hufunguliwa Jumatatu jioni, na wanafunzi wa vyuo hufika saa nne.